Kompyuta ya Animesheni Nyanda za Juu Kusini: Kuchagua Mashine, Programu na Umeme Wake

Swali la "ninunue kompyuta gani ya animesheni?" halina jibu mpaka useme unatengeneza nini. Anayechora katuni za 2D kwa kalamu anahitaji tableti nzuri na mashine ya kawaida tu. Anayetengeneza 3D anahitaji kadi ya grafiksi yenye kumbukumbu kubwa. Wote wawili, wakiwa Mbeya, Iringa au Njombe, wanahitaji umeme usiowakatia kazi katikati, na hapo ndipo bajeti nyingi hukosea: fedha yote inaishia kwenye kadi, halafu mashine inazimika saa mbili usiku kazi ikiwa nusu.

Mwongozo huu unafuata mpangilio wa ununuzi wenyewe: hesabu ya kazi, programu, mashine, kuikagua dukani, kuisafirisha, umeme, kisha namna ya kurenda, yaani kuiacha kompyuta ikokotoe na kutoa picha za mwisho.

1. Hesabu fremu kabla ya kuhesabu fedha

Kazi za televisheni hapa nchini hutolewa kwa fremu (picha moja moja) 25 kwa sekunde. Tangazo la sekunde 30 ni fremu 750. Dakika moja ni fremu 1,500. Kwa 2D, wengi huchora kila mchoro ushike fremu mbili, kwa hiyo tangazo hilohilo ni michoro 375 hivi. Kinachochosha hapo ni mkono wako, mashine haina shida.

Kwa 3D hesabu ni nyingine. Fremu moja ikichukua dakika 2 kurenda, tangazo la sekunde 30 litakula saa 25. Mteja akisema "badilisha rangi ya kopo", ni saa 25 nyingine. Mashine inayovuta wati 300 kwa saa 25 inatumia uniti 7.5 za LUKU kwa kila mzunguko. Kwa hiyo chukua faili la kazi uliyokwisha kuifanya, au onyesho la mfano linalofanana na kazi unayoitaka, upime fremu moja inachukua dakika ngapi kwenye mashine yoyote unayoweza kuazima. Bila namba hiyo, muuzaji ndiye atakayekuchagulia kompyuta.

2. Chagua programu, ndipo utajua mashine

Kwa 3D tunashauri Blender bila kusitasita. Ni bure hata kwa kazi za kulipwa, haiulizi leseni mtandaoni, na ukishaipakua inafanya kazi hata intaneti ikikatika wiki nzima. Sehemu yake ya Grease Pencil inatosha kwa 2D ya kiwango cha juu, hasa ukitaka kuchanganya michoro na mandhari ya 3D. Pakua toleo la LTS, linalorekebishwa kasoro kwa miaka miwili, kama 4.5, na usihame toleo katikati ya mradi. Faili lililohifadhiwa kwenye toleo jipya linaweza kupoteza vitu likifunguliwa kwenye toleo la zamani, na mwenzako wa Iringa mwenye toleo la zamani ndiye atakayeumia. Hifadhi kifurushi cha usakinishaji kwenye hadi diski (hard disk), usitegemee kukipakua upya.

Kwa 2D ya michoro ya mkono, Krita na OpenToonz ni bure. Krita ni rafiki zaidi kwa mchoraji. OpenToonz ina nguvu kwenye kupaka rangi na kupanga shoti lakini inahitaji uvumilivu mwanzoni. Toon Boom Harmony ndiyo inayotumika kwenye studio kubwa za katuni za televisheni. Ina ngazi tatu, Essentials, Advanced na Premium, na hulipiwa kwa mwezi au mwaka kwa dola. Inunue pale tu mteja anapodai mafaili ya Harmony au unapokwenda kufanya kazi na studio inayoitumia.

After Effects inafaa kwa maandishi yanayotembea na matangazo ya nembo, ila inameza RAM. Fremu moja ya 1920 kwa 1080 ina ukubwa wa MB 8.3 hivi ikiwa katika biti 8, na maradufu ya hapo katika biti 16. Sekunde 10 za kutazama kazi yako bila kukwama ni fremu 250, yaani karibu GB 2 kwa biti 8. Ukienda 4K, zidisha kwa nne. Kwa kuunganisha shoti, sauti na rangi, toleo la bure la DaVinci Resolve linatosha wateja wengi.

Programu zilizovunjwa leseni zinazozunguka kwenye flashi ziache. Nyingi zinakuja na virusi vinavyofunga mafaili, na siku mteja wa shirika la kimataifa atakapotaka kuona risiti ya leseni, huna la kumwonyesha.

3. Mashine yenyewe

*Kadi ya grafiksi.* Kwa kurenda kwa Cycles, injini ya kurenda iliyo ndani ya Blender, chukua NVIDIA ya familia ya RTX, kwa sababu inatumia OptiX (teknolojia ya NVIDIA ya kuharakisha kurenda) na ina viini maalumu vya kufuatilia miale ya mwanga. Angalia kwanza kumbukumbu ya kadi, kasi baadaye. Kadi ya polepole inakuchelewesha, lakini kadi iliyojaa inakataa kazi kabisa, au inaazima RAM ya kompyuta na kuanza kutambaa.

RTX 3060 ya GB 12 bado ni ununuzi mzuri kwa anayeanza kazi za kulipwa. Inavuta wati 170. Kuwa macho: ipo pia 3060 ya GB 8, na boksi zake hazitofautiani sana. RTX 4060 inavuta wati 115 tu na ina kasi, lakini imeishia GB 8. Mwenye uwezo atafute 4060 Ti ya GB 16 au 5060 Ti ya GB 16. Zote zinapatikana pia katika GB 8, kwa hiyo soma namba, usisome jina peke yake.

Kuna kadi moja inayowanasa wengi, RX 580 ya AMD. Ni rahisi, imejaa sokoni baada ya kutoka kwenye uchimbaji wa sarafu za kidijitali, na michezo inaicheza vizuri. Lakini tangu Blender 3.0 mfumo wa OpenCL, uliowezesha kadi za AMD kurenda, uliondolewa, na kadi hiyo haimo kwenye HIP uliochukua nafasi yake. Utaweza kutengeneza maumbo. Ukibonyeza kurenda kwa Cycles, kazi yote inahamia kwenye prosesa.

Kumbukumbu ya kadi hujazwa na mambo mawili: maumbo na picha za kuyafunika. Chukua mfano wa shamba la chai kama lile la Mufindi, lenye mashina 5,000, kila shina likiwa na pande (vipande bapa vinavyounda umbo) 40,000. Ukinakili mashina kwa Shift+D, Blender inashikilia kila shina kama umbo jipya, na unafika pande milioni 200. Ukinakili kwa Alt+D, mashina yote yanachota kwenye umbo moja lililohifadhiwa mara moja, na kadi ya GB 8 inapumua. Picha nazo ni hivyohivyo: picha ya 4096 kwa 4096 inaweza kuwa MB 10 kwenye diski, lakini ikifunguliwa ndani ya kadi inachukua MB 64. Ya 8192 inachukua MB 256. Shina la chai lililo mbali na kamera halihitaji picha ya 8192, lipe 1024. Ukizingatia haya mawili, mara nyingi utagundua kadi uliyonayo inatosha.

*Prosesa.* Kasi ya kiini kimoja ndiyo inayofanya mhusika mwenye mifupa mingi atembee vizuri unapompanga mkao. Idadi ya viini inasaidia kwenye maji, moshi, nguo na kurenda bila kadi. Viini 6 hadi 8 vya kisasa vinatosha. Ryzen 5 5600 na Ryzen 7 5700X ni chaguo la bei nafuu, zote za wati 65. Hazina grafiksi ya ndani, kwa hiyo kadi ikiungua huoni kitu kwenye skrini. Ukinunua Intel ya kizazi cha 13 au 14 yenye herufi K, hasa i7 na i9, sasisha BIOS (programu ya ndani ya mazabodi) siku ya kwanza. Zilikuwa na tatizo la volti lililofanya kompyuta kuganda na hatimaye kuharibu prosesa, na marekebisho yake yalitolewa mwaka 2024.

*RAM.* GB 16 kwa 2D, GB 32 kwa 3D na After Effects. Nunua vipande viwili vya 16, si kimoja cha 32, ili njia zote mbili za kumbukumbu zifanye kazi.

*Diski.* NVMe (SSD ya kasi) ya GB 500 kwa mfumo na programu, nyingine ya TB 1 kwa miradi inayoendelea, na hadi diski ya kawaida ya TB 4 kwa kazi zilizokwisha. Fremu za EXR (OpenEXR, aina ya faili la picha linalotunza rangi nyingi) zenye tabaka kadhaa hufikisha MB 15 kila moja kwa urahisi, na dakika moja inakuwa zaidi ya GB 22.

*Skrini na tableti.* Skrini ya IPS ya inchi 24 inayofikia asilimia 100 ya sRGB (kipimo cha kawaida cha rangi) ni bora kuliko kubwa isiyo na rangi za kweli. Tableti ndogo ya Wacom, Huion au XP-Pen isiyo na skrini inatosha kuanzia. Agiza ncha za akiba za kalamu pamoja nayo, maana huku kuzipata ni kazi.

Mashine zilizotumika

HP Z440, Dell Precision T5810 na ndugu zao zinakuja nyingi kutoka nje na ni imara. Lakini yajue yafuatayo. Zinabeba kadi za zamani kama Quadro K2200 au M2000 zenye GB 4, kwa hiyo bei ya kadi mpya iwe kwenye hesabu yako tangu mwanzo. Pawa saplai ya Z440 ni wati 700 na inatosha RTX 3060, ila pawa saplai na mazabodi (bodi kuu ya kompyuta) si za saizi ya kawaida. Zikifa hutapata mbadala kwa fundi wa mtaani. T5810 nyingine zina pawa saplai ya wati 425 tu: funua ubavu, soma kibandiko. RAM zake mara nyingi ni za aina ya seva, RDIMM, na hazichanganyiki na za kompyuta za kawaida. Mwisho, prosesa za Xeon E5 v3 na v4 hazimo kwenye orodha ya Windows 11, na Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Kwenye mashine hizi weka Linux Mint au Ubuntu. Blender, Krita na Resolve zina matoleo ya Linux, ila bidhaa za Adobe hazina.

4. Kagua dukani, usisubiri ufike nyumbani

Iwe Mwanjelwa, Miyomboni au Kariakoo, nenda na flashi yenye vitu vinne: Blender ya zip isiyohitaji kusakinishwa, GPU-Z (ya kukagua kadi), CrystalDiskInfo (ya kukagua diski) na faili lako la kupimia. Kisha:

Fungua GPU-Z. Kadi iliyobadilishwa jina huandikwa neno FAKE mbele ya jina lake. Linganisha ukubwa wa kumbukumbu na ulioandikwa kwenye boksi.

Fungua CrystalDiskInfo, soma afya ya diski na saa ilizofanya kazi. SSD iliyo chini ya asilimia 80 isihesabiwe kwenye bei.

Renda faili lako kwa dakika 30 mfululizo huku GPU-Z ikionyesha joto. Nyuzi 70 hadi 80 ni kawaida. Ikigota 83 na kasi ikaanza kushuka, vumbi limejaa au pasta ya joto imekauka. Ikizima yenyewe kabla ya hapo, shuku pawa saplai. Muuzaji anayekataa jaribio la nusu saa amekwisha kukujibu.

5. Kuisafirisha

Kutoka Dar es Salaam hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 800, matuta ya Mikumi na kona za Kitonga zikiwemo, na boksi lako liko chini kwenye buti la basi. Kadi nzito iliyosimama kwenye mazabodi inaweza kuvunja soketi yake kwa kutikiswa. Ichomoe, ifunge kwenye mfuko wake wa kuzuia umeme tuli, uibebe mkononi. Feni kubwa ya prosesa nayo ichomolewe. Mashine ikifika alfajiri ya Juni au Julai huko Njombe au Makete, iache kwenye chumba saa mbili kabla ya kuiwasha, kwa sababu chuma baridi kikiingia chumba chenye joto hutoa unyevu ndani.

6. Umeme

Anza na ethi. Vyumba vingi vya ofisi vya kupanga vina soketi za pini tatu ambazo pini ya juu haijaunganishwa na kitu. Ukigusa kasha la kompyuta ukasikia mtekenyo, ndiyo hiyo. Mwite fundi umeme apime na afukie fimbo ya ethi kabla hujachomeka chochote. Bila ethi, kifaa cha kukinga radi unachonunua hakina pa kuitupa. Msimu wa mvua, kati ya Novemba na Aprili, chomoa plagi mawingu yanapoanza kunguruma, pamoja na waya wa mtandao. Radi hupita huko pia.

UPS ndogo ya VA 650 haifai hapa. VA si wati: UPS ya VA 1500 mara nyingi inabeba wati 900, na kwa mashine ya wati 330 pamoja na skrini itakupa dakika 10 hadi 15. Ni muda wa kuhifadhi na kuzima, si wa kufanya kazi. Tafuta inayotoa wimbi safi la umeme, maana UPS za wimbi la ngazi huzigonganisha pawa saplai za kisasa, na kompyuta inazimika palepale umeme unapokatika wakati UPS inalia.

Kwa kazi ya kweli, nunua inverta ya wimbi safi. Betri ya asidi ya 12V na Ah 200 ina Wh 2,400, lakini ukitaka idumu tumia nusu, Wh 1,200, sawa na saa tatu hivi kwa mashine hiyo. Betri ya lithiamu ya Ah 100 inatoa karibu Wh 1,000 zinazotumika, ni nyepesi, na inastahimili kuchajiwa mara nyingi zaidi. Inverta nyingi zina mpangilio wa namna mbili, APL na UPS. Weka UPS, ule mwingine unachelewa kubadili kiasi cha kompyuta kuzimika, na watu hurudisha inverta nzima dukani kwa kosa la kitufe kimoja.

Ukiwa kwenye betri, punguza umeme wa kadi. Kwenye Windows fungua dirisha la amri kama msimamizi, kwenye Linux tanguliza sudo, uandike:

nvidia-smi -pl 130

RTX 3060 inashuka kutoka wati 170 hadi 130, na muda wa fremu unaongezeka kidogo tu. Amri hiyo inafutika ukiwasha upya.

Hali ya hewa ya huku ni rafiki wa kurenda. Mbeya mjini iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi na feni inasukuma kidogo pungufu, lakini ubaridi wa usiku unafidia. Adui ni vumbi la Agosti hadi Oktoba. Puliza mashine kila mwezi, na ushikilie feni kwa kidole usiiache izunguke.

7. Renda kwa picha, kamwe si kwa video

Ukirenda moja kwa moja kuwa MP4 na umeme ukakatika kwenye fremu ya 740 kati ya 750, faili lote kwa kawaida halifunguki. Ukirenda PNG au OpenEXR, unazo fremu 739 salama. Kwenye Output Properties za Blender:

Chagua OpenEXR kama utarekebisha rangi baadaye, PNG kama huna mpango huo. Ondoa tiki kwenye Overwrite, ili fremu zilizopo zisiandikwe upya. Weka tiki kwenye Placeholders, ili kila fremu inayoanza kurendwa iwekewe faili tupu la kushika nafasi. Umeme ukirudi, bonyeza kurenda tena na Blender itaruka fremu zilizokwisha kuwepo. Kabla ya hapo futa faili tupu la fremu iliyokuwa inarendwa, la sivyo litarukwa nalo na utapata shimo la fremu moja katikati ya tangazo. Panga folda kwa ukubwa, lenye KB 0 ndilo hilo.

Mpangilio huohuo unaruhusu kompyuta mbili kurenda kazi moja zikiwa zimeunganishwa kwenye folda moja la mtandao wa ndani. Kila moja inachukua fremu ambayo nyingine haijagusa.

Usiku, renda bila kufungua dirisha la Blender, uokoe kumbukumbu ya kadi:

blender -b tangazo.blend -s 1 -e 750 -a

Herufi -a ikae mwisho. Blender inasoma amri kwa mpangilio, na ukiitanguliza, itaanza kurenda kabla haijaambiwa fremu za kuanzia na kuishia.

Asubuhi unganisha picha na sauti. Kama video ya mteja imerekodiwa kwa simu, ipitishe kwanza HandBrake (programu ya kubadili video) na uchague fremu 25 zisizobadilika. Simu nyingi hurekodi kwa kasi inayopandashuka, na midomo huanza kuachana na maneno baada ya sekunde chache. Muulize mteja anataka faili la aina gani kabla ya kutuma. MP4 ya Mbps 20 kwa sekunde 30 ni MB 75 tu, inapanda hata kwa bando la simu. EXR zake zibaki kwako, nakala moja ofisini na nyingine kwenye hadi diski inayolala nyumba tofauti.